Watoto Wetu na Pasaka: Mafundisho ya Nyumbani na ya Masomoni toka Mwanzo mpaka Leo



Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wamehesabu mambo mengi: mapadri waliopita hapa, matofali ya kanisa, batizo na ndoa, na chapeli zilizozaliwa na parokia. Sisi walimu wa dini tumepewa kazi nyingine, ya kuandika juu ya jambo lisilohesabika kwa urahisi. Nalo ni hili: watoto wetu wadogo walifundishwa Pasaka na nani, mahali gani, na kwa njia gani, toka siku za wamisionari wa kwanza mpaka leo?

Tunaposema watoto wadogo, tunafikiri wale wa miaka mitatu mpaka minane au tisa, wanaoketi chini mbele ya altare na kugeuka nyuma mara kwa mara kutazama kama mama yao angali pale. Historia yao haiandikwi mara nyingi. Lakini tukiitazama vizuri tutaona kwamba inatuhusu sote, wazazi na walimu, kwani imejaa swali moja ambalo halijaisha: mtoto ni wa nani, wa nyumba au wa masomo?

I. Swali la mtoto

Tuanze mbali. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya kumi na mbili, Musa anawaagiza Waisraeli namna ya kufanya Pasaka. Hakuwaagiza kujenga masomo, wala hakumtafuta mwalimu. Aliwaambia kwamba siku itakuja ambapo watoto wao watauliza maana ya desturi ile, nao wazazi watapaswa kuwajibu kwa kuwasimulia namna Bwana alivyozipita nyumba zao katika Misri. Wayahudi wameishika desturi hiyo mpaka leo: usiku wa Pasaka, mezani, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza, na mkubwa wa nyumba anajibu.

Basi, Pasaka ya kwanza ilifundishwa nyumbani. Mwana-kondoo alichinjwa nyumbani, damu ikapakwa kwenye mlango wa nyumba, mkate ukaliwa nyumbani. Mtoto aliona kwanza, akauliza, ndipo akafundishwa. Tushike sana utaratibu huu: kuona, kuuliza, kufundishwa.

II. Misioni ilipokuwa nyumba

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka 1880 walivuka Ziwa Tanganyika na kufungua misioni ya Mulweba katika inchi ya Masanze, upande wetu wa Ziwa. Baadaye walianzisha Kibanga mwaka 1883, wakapokea Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 ikazaliwa Baudouinville, ndiyo Moba-Kirungu ya leo.

Ulikuwa wakati wa biashara ya watumwa. Watoto wengi wa misioni hizo walikuwa wamekombolewa mikononi mwa wafanyabiashara. Hawakuwa tena na baba wala mama wa kuwauliza kitu. Kwa watoto hao misioni ilikuwa nyumba, na masomo, na kanisa, vyote pamoja. Padri aliwapa ugali, akawafundisha sala, na usiku alifunga mlango. Hatuwezi kuwalaumu wamisionari kwa jambo hilo, kwani mtoto asiye na nyumba anahitaji kwanza nyumba.

Tena Kardinali Lavigerie aliyewatuma alikuwa na mawazo mawili ambayo sisi walimu tunayaheshimu mpaka leo. La kwanza, aliwaagiza wamisionari wake kusema lugha ya watu na kutowageuza watoto kuwa Wazungu katika chakula, mavazi na desturi. La pili, aliamuru ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo, kwa mfano wa Kanisa la zamani. Hakutaka watu wakimbizwe kwenye maji. Safari hiyo ndefu iliifanya Pasaka kuwa jambo la kungojewa. Mtu aliyebatizwa wakati wa Pasaka alikuwa amepita Kwarezima nyingi akiwa bado mlangoni, akisikia nyimbo za wenzake.

Lakini hapa ndipo lilipozaliwa pia tatizo letu. Watoto waliokombolewa walikua, wakaoa, wakazaa. Watoto wao walikuwa na baba na mama wakristu. Je, misioni iliweza kuwarudishia wazazi hao kazi ya kumfundisha mtoto? Si upesi. Mazoea yalikuwa yameingia: dini inafundishwa kule kwa Padri.

III. Masomo ya misioni

Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Dola Huru la Kongo walifanya mapatano. Serikali iliahidi kuzipa misioni mashamba, nazo misioni ziliahidi kufungua masomo. Hivyo kalamu na msalaba viliingia kijijini pamoja. Mwaka 1929 serikali ya Wabeljiji ilitoa utaratibu kamili wa masomo ya misioni: miaka miwili ya kwanza kwa watoto wote, kisha miaka mitatu kwa wale walioendelea. Vijijini, nyumba moja ya nyasi ilikuwa masomo asubuhi na chapeli Jumapili, na mtu mmoja, mwalimu, aliongoza yote mawili. Mpaka leo katika Kiswahili chetu neno «mwalimu» lina maana zote mbili: anayefundisha kuandika na anayefundisha dini.

Wakati huohuo, huko Roma, Papa Pio wa Kumi alitoa uamuzi mkubwa juu ya watoto. Tarehe 8 Agosti 1910 aliamuru kwamba mtoto aruhusiwe kupokea komunyo anapoanza kupambanua mambo, yaani karibu na miaka saba. Zamani mahali pengi watoto walingojea miaka kumi na miwili au zaidi. Katika amri hiyo aliwataja baba wa mtoto pamoja na padri anayeungamisha kuwa ndio wanaopaswa kujua kama mtoto yuko tayari. Hivyo mlango wa mafundisho ulifunguliwa kwa wadogo, na mzazi aliwekwa mlangoni.

Matunda ya masomo hayo yalikuwa makubwa. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, aliyejifunza katika masomo ya misioni za Ziwa, alipewa upadre Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi mpya. Tukisoma habari zake tunaona namna ardhi ya inchi yetu ilivyokuwa tayari kuzaa.

Lakini tutazame pia upungufu. Masomo yalimpokea mtoto wa miaka sita au saba. Yule wa miaka mitatu, minne au mitano hakuwa na nafasi katika utaratibu wo wote. Tena mafundisho yalikuwa ya maswali na majibu ya kushikwa kwa kichwa. Katika Kutoka mtoto ndiye aliyeuliza. Katika katekisimo mwalimu ndiye aliyeuliza, na mtoto alijibu kwa maneno ambayo pengine hakuyaelewa. Tunasema hivyo bila dharau, kwani majibu yale yaliwalinda wengi katika taabu. Lakini jibu lililotangulia swali hukaa mdomoni tu.

IV. Moto unarudi usiku

Vijana wengi hawajui kwamba kabla ya mwaka 1951 sherehe ya mkesha wa Pasaka ilifanywa asubuhi ya Jumamosi Kuu. Moto mpya uliwashwa jua likiwaka, na mshumaa wa Pasaka uliingizwa katika kanisa lenye mwanga wa mchana. Mwaka 1951 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu mkesha urudishwe usiku, na kwa amri ya Novemba 1955 Juma Takatifu lote lilitengenezwa upya, kuanzia Pasaka ya 1956.

Kwa mtoto mdogo badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko kitabu kizima. Mtoto wa kijiji anajua giza ni nini. Anajua namna watu wanavyosogea pamoja karibu na moto, na namna taa moja inavyobadili uso wa mama. Anapouona mwali mmoja ukiingia katika kanisa la giza, kisha ukigawanywa kwa mishumaa mia, ameanza kuifahamu Pasaka kabla ya kusikia neno moja la mahubiri. Naye atauliza. Ndiyo ile njia ya Musa iliyorudi: kuona, kuuliza, kufundishwa.

Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano uliongeza nguvu. Mwaka 1963 ulifungua mlango wa lugha za watu katika liturjia, na tarehe 28 Oktoba 1965, katika tangazo lake juu ya malezi ya kikristu, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakubwa wa watoto wao. Mwezi wa Novemba 1973 Roma ilitoa pia mwongozo wa misa pamoja na watoto, ulioruhusu masomo mafupi, nyimbo na ishara zinazowafaa. Maneno hayo yote yalikuwa mazuri. Lakini kwetu yangebaki maneno kama mambo mengine yasingetokea.

V. Pasaka mbili bila saa ya dini

Mwaka 1972 serikali ya Zaire, kwa siasa yake ya uhalisi, ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Mwisho wa mwaka ule vikundi vya vijana vya Kanisa vilifutwa, hata Xaveri waliozaliwa Bukavu mwaka 1952, na vijana wote wakaamriwa kuingia katika chama cha vijana cha MPR. Kisha, tarehe 30 Desemba 1974, Rais Mobutu alitangaza kwamba masomo yote ya misioni yanakuwa mali ya serikali. Saa ya dini iliondolewa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya uraia na siasa.

Pasaka ya mwaka 1975 ilikuwa tarehe 30 Machi, na ile ya mwaka 1976 tarehe 18 Aprili. Pasaka hizo mbili zilifika katika inchi yetu bila mtoto hata mmoja kufundishwa maana yake darasani. Jambo hilo lilikuwa halijaonekana toka masomo yalipoanza.

Nani alifundisha basi? Wazee wetu wanajibu: ni sisi wenyewe. Wanasimulia namna watoto walivyokusanywa jioni, kwenye kiwanja cha nyumba fulani, baada ya kazi za shamba. Shirika, yaani jumuiya ndogo za wakristu ambazo maaskofu wa Kongo walikuwa wamezitaka tangu mwaka 1961, zilikuwa tayari zimeanza mahali pengi, zikapata kazi. Nkambo aliyejua kisa cha Petro na jogoo alikisimulia. Mama aliyejua wimbo alifundisha wimbo. Baba aliyejua kusoma alisoma Injili polepole, na watoto walimkatiza kwa maswali yao. Mtoto wa miaka minne, ambaye masomo hayakuwa na nafasi yake, alikuwa pale pia, mapajani mwa dada yake, akisikiliza.

Tusipake mambo rangi nzuri kupita kiasi. Kulikuwa na nyumba ambamo hakuna aliyeweza kusimulia cho chote, kwani wazazi walikuwa wamezoea kumwachia Padri na mwalimu kila kitu. Watoto wa nyumba hizo walipita Pasaka hizo mbili kama siku nyingine. Hapo tofauti ilionekana wazi. Serikali ilikuwa na mamlaka juu ya ubao na chaki, lakini haikuwa na mamlaka juu ya moto wa jikoni. Nyumba iliyokuwa imeshika fungu lake haikupoteza kitu. Nyumba iliyokuwa imetoa fungu lake lote masomoni ilibaki mikono mitupu siku masomo yalipofungwa mlango.

VI. Masomo yanarudi

Tarehe 26 Februari 1977 serikali na Makanisa walitia sahihi mapatano, na uongozi wa masomo ukarudishwa mikononi mwa Makanisa, ingawa yalibaki masomo ya taifa. Pasaka ya mwaka ule, tarehe 10 Aprili, ilikuwa na furaha ya pekee.

Lakini pamoja na furaha hiyo usingizi ulirudi pia. Wazazi wengi walipumua na kusema: sasa mwalimu yupo, tupumzike. Ndivyo binadamu alivyo. Mzigo ukipata mwingine wa kuubeba, bega letu linasahau upesi.

Kisha zikaja vita. Toka mwaka 1996, na tena toka mwaka 1998, masomo mengi ya mashariki yalifungwa, familia nyingi zilikimbilia porini, nyingine zilivuka Ziwa mpaka makambi ya Kigoma kama Nyarugusu. Hata hivi karibuni, vita ilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, masomo ya mji ule yalifungwa kwa muda. Mtoto anayekimbia habebi dawati. Anabeba yale aliyokwisha kusimuliwa.

Vita imetufundisha jambo lingine zito, nalo ni namna ya kumwambia mtoto habari ya Ijumaa Kuu. Mtoto aliyeona damu ya kweli hahitaji kuelezwa misumari kwa urefu. Tumeona katika mafundisho yetu kwamba mtoto wa namna hiyo hunyamaza na kutazama chini. Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu: kwa wadogo, simulieni mateso ya Bwana kwa kifupi na kwa heshima, msikae hapo, mfike mpaka bustani ya asubuhi ambapo Maria Magdalena aliitwa kwa jina lake. Mtoto asilale na msalaba bila kaburi wazi.

VII. Kazi yetu ya leo

Toka mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali, pamoja na yale yaliyo chini ya Kanisa, ni bure. Tunashukuru, kwani watoto wengi waliokuwa wakirandaranda sasa wanaingia darasani. Lakini madarasa yamejaa kupita kiasi, na mwalimu mmoja mbele ya umati ule hawezi kuinama kusikiliza swali la kila mtoto. Basi, mbele ya Pasaka kila upande ushike fungu lake.

Fungu la masomo ni kupanga, kuhesabu na kuandika. Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili aweza kuitumia Kwarezima kwa hesabu. Toka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu kuna siku 46; tukiondoa Jumapili sita, ambazo si siku za kufunga, zinabaki 40. Watoto wachore viduara 40 na kupaka rangi kimoja kila siku: wamejifunza kutoa, na wamejifunza kungojea. Wakubwa kidogo waelezwe kwa nini tarehe ya Pasaka hubadilika: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza toka tarehe 21 Machi, na kwa hiyo haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili.

Fungu la nyumba ni kuonyesha na kujibu. Jioni za juma lile mzazi atoke nje na mtoto, waangalie mwezi. Siku ya Matawi wapande pamoja mbegu tatu za maharagi katika kopo lenye udongo, na mtoto azinyunyizie maji kila asubuhi. Mara nyingi, karibu na siku ya Pasaka, udongo utapasuka. Hapo mama amsimulie yale Yezu aliyosema juu ya punje inayoanguka na kufa. Alhamisi jioni chakula kiliwe pamoja na watoto, si watoto peke yao jikoni, na mkubwa awaoshe miguu. Usiku wa mkesha mdogo aletwe kanisani, hata akisinzia. Aamshwe moto unapowashwa. Mapumziko ya Pasaka, yanayoanza mtoto akileta karatasi yake ya alama, yasiwe ya kumgombeza tu kwa alama mbaya. Yawe siku za kukaa naye na kitabu.

Na mzazi asiyejua kusoma? Tunamwambia bila kusita: wewe si mgeni katika kazi hii. Musa hakuuliza kama baba wa Israeli walijua kusoma. Aliwataka wasimulie.

Fungu la shirika ni kuunganisha. Kila shirika limchague mtu wa kuwatazama wadogo wakati wa Kwarezima, na hasa mayatima, ambao hawana wa kumwuliza. Kama misioni za kwanza zilivyokuwa nyumba kwa watoto waliokombolewa, vivyo hivyo shirika liwe nyumba kwao.

Ndugu wapenzi, jubilei itakapokwisha, vigelegele vitanyamaza na kitabu hiki kitawekwa sandukuni. Lakini Kwarezima itarudi, na usiku mmoja mtoto wa nyumba yako atavuta nguo yako, akuulize kwa nini watu wamezima taa. Usimwambie anyamaze. Usimwambie angoje mwalimu. Mjibu.